Wito: Nyabiondo Ipate Mpiga Picha Wake



Nina ombi moja. Nyabiondo, kwetu Masisi, Kivu Kaskazini, ipate mpiga picha wake. Nasema mtu wa pale pale, aliyekulia katika milima ile, anayejua nani ni shangazi wa nani na shamba lipi ni la ukoo upi. Ashike kamera kwa miaka ishirini, mapigano yawepo yasiwepo, na aielekeze kwa wale ambao sauti zao hazifiki mbali: mkimbizi anayelala darasani na watoto wake, mama anayeshusha gunia la makaa sokoni, mchimbaji anayetoka shimoni jioni, familia ya Batwa isiyo na shamba la kulima. Na picha hizo zikae kwetu, zenye majina na tarehe, ili wajukuu wazikute.

Wapo watakaosema huu si wakati wa kamera. Watu wana njaa, barabara hazipitiki, bunduki hazijanyamaza. Nawaelewa, na sibishani na mtu mwenye njaa. Naomba tu mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu katika nchi yetu mtu asiyeonekana husahauliwa mara mbili: husahauliwa wakati msaada unapogawanywa, na husahauliwa tena siku haki inapotafutwa.

Tuanze na barabara yenyewe. Ukitoka Goma kwenda magharibi unapita Sake, kisha unapanda milima ya malisho ambako jibini la Masisi hutoka, mpaka ufike Masisi penye makao ya teritwari. Nyabiondo iko mbele zaidi, katika sekta ya Osso-Banyungu, upande ambao milima inaanza kuelekea misitu ya Walikale. Mvua ikinyesha, malori hukwama kwenye tope na watu humaliza safari kwa miguu. Waandishi wa habari wengi huishia Goma, penye hoteli, intaneti na ofisi za mashirika. Ndiyo maana picha nyingi za Kivu Kaskazini zinazozunguka duniani ni picha za Goma na kambi zilizoizunguka: Kanyaruchinya, Bulengo, Mugunga. Baadhi ya watu wa kambi hizo walitoka huku juu. Walipigwa picha walipokwisha kuwa wakimbizi. Maisha waliyokuwa nayo kabla ya kukimbia, nyumba zao, mavuno yao, harusi zao, hakuna aliyefika kuyapiga.

Nyabiondo ina sababu yake ya pekee ya kutaka kumbukumbu. Desemba 2004 mapigano yalifika pale. Raia wakauawa, wanawake wakabakwa, nyumba zikaporwa, maelfu wakakimbilia porini. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mashambulizi hayo katika ripoti ya Julai 2005, kwa kutumia maneno ya walionusurika. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Akiuliza kijiji kilikuwaje kabla ya Desemba ile, nani aliishi wapi, soko lilipangwaje, atajibiwa na wazee. Lakini wazee wanaondoka mmoja mmoja, na vita vimeendelea kupita palepale tangu wakati huo. Kila mara watu wanapokimbia, mtu anabeba mtoto, godoro na sufuria, na picha za familia zinabaki ndani ya nyumba itakayochomwa.

Kongo ni moja ya nchi ambako kazi ya kupiga picha za wanyonge ilionesha nguvu yake mapema kabisa. Mei 1904, huko Baringa katika eneo la Équateur, mwanamume aitwaye Nsala alifika nyumbani kwa wamisionari Waingereza akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iitwayo ABIR kwa sababu kijiji hakikutimiza kiasi cha mpira kilichodaiwa. Mmisionari Alice Seeley Harris alimkalisha Nsala barazani, akaviweka viungo vile mbele yake, akapiga picha. Picha hiyo na nyingine zake zilioneshwa kwa taa ukutani katika kumbi za Uingereza na Marekani, katika kampeni ya chama cha E. D. Morel cha kudai mageuzi Kongo. Mfalme Leopold II alikuwa na magazeti ya kumtetea na mawakili wa kukanusha maandishi, lakini picha zile zilimshinda kuzijibu. Novemba 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwake. Ubelgiji iliichukua kama koloni, kwa hiyo uhuru haukuja, ila utawala wa mtu mmoja aliyeifanya nchi nzima kuwa mali yake ulikoma.

Naomba tutazame jambo moja katika habari hiyo. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado tunajua kwamba baba yule aliitwa Nsala, kwamba alitoka kijiji cha Wala, na kwamba mtoto aliitwa Boali. Tunajua kwa sababu wakati ule kuna mtu aliuliza na kuandika. Sasa linganisha na picha iliyopata sifa kubwa kuliko karibu zote duniani. Machi 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja fukara aliyekuwa na watoto wake katika kambi ya vibarua wa mashambani. Hakuandika jina lake. Picha ilienea dunia nzima, na jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, halikujulikana kwa watu mpaka 1978, alipokuwa bibi mzee mwenye kulalamika kwamba hakunufaika nayo hata senti. Picha ilikuwa nzuri na ilisaidia wenye njaa wa kambi ile. Yeye mwenyewe ilimwacha nyuma.

Huko Walikale kwetu kuna mfano mwema wa kumheshimu anayetoa habari. Mwaka 1956 mzee wa Kinyanga, Shé-Kárisi Candi Rureke, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa, na mtafiti Daniel Biebuyck akauandika pamoja na wenzake Wanyanga. Utendi ulipochapishwa 1969, jina la msimulizi lilikuwemo. Leo mtoto wa Walikale anaweza kusema: huu ulitoka kinywani mwa mzee wetu fulani. Hiyo ndiyo heshima ninayotaka kwa kila mtu atakayesimama mbele ya kamera Nyabiondo na akaridhia kutajwa.

Kazi hii inahitaji mtu wa kukaa. Mwingereza Marcus Bleasdale aliacha kazi ya benki mwishoni mwa miaka ya 1990, akaja Kongo, akaendelea kurudi kwa miaka mingi. Aliwapiga picha wachimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu, Ituri, watoto waliobebeshwa silaha na familia zilizokimbia. Mwaka 2005 picha zake zilikwenda pamoja na ripoti ya Human Rights Watch juu ya dhahabu ya kaskazini-mashariki ya Kongo, zikaoneshwa Geneva, mbele ya watu wa fedha na madini. Mwaka huo huo kampuni ya Uswisi ya Metalor ilitangaza kusimamisha ununuzi wa dhahabu kutoka Uganda, ambako dhahabu ya Ituri ilikuwa ikipitishwa. Vita havikuisha kwa ajili hiyo. Hata hivyo mlango mmoja wa biashara ile ulifungwa, na haukufungwa na picha moja iliyopigwa mchana mmoja. Ulifungwa na miaka ya kurudi mahali pale pale, na kuziweka picha mbele ya mtu anayehusika.

Kazi hii pia ina gharama kwa anayeifanya, na jamii inayomtaka mpiga picha lazima iijue. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kipindupindu kuua maelfu kwa maelfu, Mbrazili Sebastião Salgado alikuwa miongoni mwa waliopiga picha kambini. Alikuwa mwanauchumi kabla ya kushika kamera, na wakati huo alikwisha kuwa na sifa duniani kote. Baada ya aliyoyaona Rwanda na Goma, mwili wake uliugua na imani yake kwa binadamu ikatetereka, akaweka kamera chini. Alirudi kwao Minas Gerais, na yeye na mkewe Lélia wakaanza kupanda miti kwenye shamba la familia lililokuwa limekauka. 1998 wakaanzisha Instituto Terra. Alifariki Mei 2025, nyuma yake kukiwa na msitu na maelfu ya picha. Mwenye kovu usidhani kapoa, na anayepiga picha za makovu hubeba yake pia. Kijana wetu akianza kazi hii, tumwulize hali yake kama tunavyomwuliza muuguzi na mwalimu.

Wageni hao walifanya makubwa, na siwaondolei shukrani. Ila picha zao nyingi ziko Paris, London na New York. Vioo vya picha za Alice Seeley Harris vilihifadhiwa London na shirika la Anti-Slavery International. Mtu wa Baringa anayetaka kumwona babu yake hana pa kuanzia. Basi watoto wetu wakiweza kazi hii, kumbukumbu itakaa karibu na wenye nayo.

Na wanaiweza. Mwaka 2020 tuzo ya Carmignac ya uandishi wa picha ilielekezwa Kongo, na mshindi wake alikuwa Finbarr O'Reilly, aliyewahi kufanya kazi hapa kwa shirika la Reuters. Janga la korona lilipofunga mipaka, aligeuza kazi yake kuwa mradi wa pamoja uitwao *Congo in Conversation*, na nafasi wakapewa wapiga picha na waandishi Wakongomani. Kutoka Goma walikuwemo Ley Uwera, Arlette Bashizi, Pamela Tulizo, Bernadette Vivuya, Guerchom Ndebo na Moses Sawasawa; kutoka Bukavu, Raissa Karama Rwizibuka; kutoka Kinshasa, Justin Makangara. Mwaka huo huo Pamela Tulizo alishinda tuzo ya Dior ya vijana wa sanaa ya picha. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, vijana wa Goma wenyewe ndio walioionesha dunia lava ikishuka na watu wakikimbia kuelekea Sake. Kabla yao Sammy Baloji wa Lubumbashi alikwisha kuchukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga akazichanganya na magofu ya leo, na yeye na wenzake wakaanzisha chama cha Picha, kinachoandaa tamasha la sanaa la Lubumbashi tangu 2008.

Tazameni majina hayo tena. Wanawake ni wengi. Hilo lina uzito wake katika eneo kama letu, ambako mama aliyetendewa ukatili hawezi kumwambia kila mgeni yaliyompata. Mbele ya dada yake anayeongea Kihunde au Kinyanga, atakaa, atakunywa chai, na pengine siku ya tatu au mwezi wa tatu ataongea. Kwa hiyo mzazi mwenye binti anayependa picha, nakuomba usimwambie kwamba kamera ni kazi ya wanaume. Msaidie aanze.

Sasa nizungumze juu ya haki. Julai na Agosti 2010, katika vijiji vya Luvungi na jirani zake, teritwari ya Walikale, zaidi ya watu 300 walibakwa kwa siku chache. Aliyekuwa kiongozi wa moja ya makundi yaliyotajwa kuhusika, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma Novemba 2020. Hesabu miaka: ni 10. Katika miaka 10 mashahidi hufa, huhama, husahau tarehe. Ushahidi uliohifadhiwa vizuri hauhami. Na Septemba 2018, huko Kivu Kusini, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha maisha makamanda wawili wa waasi kwa mauaji ya 2012 katika teritwari ya Kalehe, na kati ya ushahidi uliopokewa zilikuwemo picha zilizopigwa kwa programu ya simu iitwayo *eyeWitness to Atrocities*. Programu hiyo hurekodi saa na mahali picha ilipopigwa, na huweza kuthibitisha kwamba haikubadilishwa. Picha za makaburi na za majeraha, zilizopigwa kwa simu na watu waliofunzwa, zilikaa mbele ya majaji wa nchi yetu zikakubaliwa. Akiba haiozi.

Lakini picha ileile inaweza kuua. Sote tumeona katika WhatsApp picha ya maiti yenye maneno kwamba ni ya jana, ni ya kijiji fulani, na waliofanya ni watu wa kabila fulani. Mara nyingi ni ya miaka kumi iliyopita, wakati mwingine ni ya nchi nyingine kabisa. Tangu vita vya 1993 vilivyoanzia soko la Ntoto, Masisi na Walikale zimelipa damu nyingi kwa uvumi wa kabila dhidi ya kabila. Mpiga picha wetu wa Nyabiondo atakuwa na thamani hapo pia: akisema picha hii ni ya kwetu, ya siku hii, watu wataamini, akisema si ya kwetu, watu watatulia. Atakuwa mpiga picha wa Wahunde, Watembo, Wanyanga, Wahutu, Watutsi na Batwa kwa pamoja, au hatakuwa na faida kwa yeyote.

Baada ya hayo, nina maneno kwa kila mmoja wetu.

Kijana mwenye simu. Huhitaji kamera ya bei ghali ili uanze. Unahitaji adabu na utaratibu. Kabla hujampiga mtu picha, msalimie, mweleze kwa lugha anayoielewa vizuri unataka nini na picha itakwenda wapi. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, andika siku ileile jina lake, mahali, tarehe na maneno machache aliyoyasema. Aliyebakwa, mtoto aliyetumikishwa na kundi lenye silaha, na shahidi wa mauaji usioneshe uso wao wala kijiji chao, hata kama wao wenyewe wameridhia leo. Kesho hatari inaweza kubadilika. Piga mikono yao, kitambaa chao, mgongo wao kwenye mwanga wa mlango. Weka nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye kadi, moja kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine. Na usipige vituo vya wanajeshi wala mahali pa silaha. Uhai wako una thamani kuliko picha yoyote.

Tena piga furaha. Mnyonge ana siku ya harusi, ana mechi ya mpira Jumapili, ana mtoto anayepata cheti, ana mavuno ya maharagwe. Tukimwonesha akilia tu, tumemdhulumu. Goma ilisimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu katikati ya mji, na kila anayepita huiona: kibarua wa kawaida na gari lake la mti. Ilimheshimu kwa kazi yake. Picha zetu zifanye hivyo.

Wenye studio za picha, na ninyi mnaopiga picha za harusi, ubatizo na vitambulisho. Mikononi mwenu mna sura za watu wetu kuliko mwandishi yeyote wa habari. Msitupe nakala za zamani, msifute diski kwa ajili ya kupata nafasi. Siku moja mtu atakuja kutafuta sura pekee iliyobaki ya mama yake.

Wakuu wa shule, mapadri, wachungaji na maimamu. Wengi wenu mna jengo lenye mlango unaofungwa na watu wanawaamini. Tengeni kabati moja liwe nyumba ya picha za mtaa. Waombeni waumini walete picha za zamani zipigwe nakala, kisha warudishiwe zao siku ileile. Andikeni nyuma ya kila nakala ni nani na ni lini, wakati wazee wangali hai wa kuwaambia. Mara moja kwa mwaka zitundikeni ukutani watu wazitazame. Kenya, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walitundika picha barabarani, mji baada ya mji, katika maonesho yaliyoitwa Picha Mtaani kuanzia 2009. Watu walisimama mbele ya yale waliyotendeana wakajadiliana. Kwetu pia kuna la kujadiliana.

Redio za jamii. Msikilizaji haoni picha kwenye redio, ila anaweza kusikia habari za aliyeko ndani yake. Mpeni mpiga picha nusu saa kwa wiki asome majina na hadithi alizokusanya, kwa idhini ya wenyewe.

Mashirika na waandishi mnaotoka mbali. Mnakaribishwa. Mkimchukua kijana wetu awaongoze kwenye njia na kuwatafsiria, mlipeni ipasavyo, na jina lake liandikwe chini ya kazi aliyoshiriki. Mkiondoka na picha za watu wetu, rudisheni nakala zilizochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu nyumba nyingi hazina umeme wala intaneti. Kuna mama aliyewakaribisha akakubali kupigwa picha. Ana haki ya kuiona.

Mnaoshika mamlaka, na mnaoshika silaha, wa upande wowote. Kijana mwenye kamera si adui yenu. Mkimkuta njiani, mwacheni apite na vifaa vyake. Waandishi wa Kivu wamelipa kwa damu: Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008. Hatutaki kuongeza jina jingine.

Ndugu zetu mlio ughaibuni. Kamera mliyonunua miaka mitano iliyopita na sasa mmeiweka kabatini ingefanya kazi kubwa huku. Tunahitaji pia paneli ndogo za jua, betri, kadi na diski za kuhifadhia. Tunahitaji ada ya kijana mmoja au wawili wakajifunze Goma, ambako kituo cha Yole!Africa kimekuwa kikifundisha vijana filamu na sanaa tangu 2002, au kwa mpiga picha mzoefu atakayekubali kuwalea. Mkichangishana kwa ajili ya msiba, jambo mnalolijua sana, mnaweza kuchangishana kwa ajili ya kumbukumbu ya walio hai.

Na sisi sote, wenye simu mkononi. Tusisambaze picha ya maiti wala ya shambulio tusiyojua ilipopigwa na siku iliyopigwa. Kuinyima njia picha ya uongo ni msaada kwa jirani, na hauna gharama.

Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu wakimbizi wa ndani karibu milioni 7 nchini Kongo, na Kivu Kaskazini ilikuwa na sehemu kubwa ya hao. Tarakimu hiyo imesomwa katika mikutano mingi. Mtu wa Nyabiondo hayumo ndani yake kwa jina. Hakuna shirika litakalotuandikia majina yote hayo wala kutupigia sura zote hizo. Ni kazi yetu, na inawezekana kuianza kijiji kimoja kwa wakati.

Kwa hiyo nawaomba: mwezi huu, katika kila parokia, kanisa, msikiti na shule ya Osso-Banyungu ambako watu wanaweza kukutana kwa usalama, wakae wazee, akina mama na vijana, wachague kijana mmoja wa kike na mmoja wa kiume wenye moyo wa kazi hii. Wapeni ruhusa, wapeni ulinzi wenu, wapeni kabati lenye kufuli. Nasi wengine tuwape vifaa na ada. Tuanze na picha ya kwanza, yenye jina na tarehe.